Jinsi ya Kuchelewesha Blanketi

Jumapili, tarehe 3 Machi

Binti yangu amepata kazi ya maabara katika mji wa mbali, siku nzima kwa basi. Anaondoka Jumapili ijayo. Ametangaza mezani huku akikata mkate, kama mtu anayetaja hali ya hewa. Nimempongeza. Nimempa mkono! Mwanangu wa kumzaa, nimempa mkono kama mgeni rasmi.

Mama yake ametutoka miezi minane iliyopita. Tumebaki wawili katika vyumba vinne. Akiondoka, wa kuongea naye ni jokofu.

Lakini nimeona upenyo. Amesema haondoki bila blanketi la viraka lililoshonwa kwa magauni ya mama yake. Yapo saba kabatini, na hakuna aliyethubutu kuyagusa. Tena mwajiri amemruhusu kuripoti hata wiki tatu baadaye. Kwa hiyo blanketi lisipokwisha, binti haendi. Na ndani ya wiki tatu mtu anaweza kubadili mawazo.

Nimejitolea kuisimamia kazi yote. Akanikumbatia. Maskini, amesahau baba yake alikuwa karani wa masjala kwa miaka thelathini na moja. Faili nililotaka lichelewe halikuwahi hata siku moja.

Jumatatu, tarehe 4 Machi

Pigo la kwanza. Binti kamwita shemeji.

Shemeji ni mdogo wa marehemu mke wangu, na ndiye mwenyekiti wa kikundi cha viraka kinachokutana Jumatano kwenye ukumbi wa maktaba. Wanawake tisa na dobi mmoja. Kazi moja ya shemeji imetundikwa ukutani pale pale: mtaa uliofurika maji, kaushona kwa jinzi kuukuu na vitambaa vya miavuli iliyochanika. Watu husimama mbele yake kimya kabisa. Hata mimi niliwahi kusimama, ila nilikuwa nasubiri mvua ikatike.

Shemeji hajui neno kesho. Kaingia na futi shingoni, kavua viatu, kapima kitanda. Kasema siku tano zinatosha. Siku tano!

Nikajitia msanii. Nikamwambia nguo za marehemu si matambara, hii lazima iwe sanaa, tukae kwanza tutafute maana ya kila rangi, na sanaa haitaki haraka. Nilidhani amenasa. Akanijibu kwamba sanaa yeye anaifanya mwaka mzima kwa ajili ya ukuta, lakini hili ni la mtoto kujifunika, na baridi haiulizi maana. Viraka vya mraba, kumi kwa kumi na viwili, basi. Alichora nyuma ya kalenda kwa dakika mbili.

Nimeambulia kitu kimoja: kukata nitakata mimi. Nimesema nataka kuyaaga magauni peke yangu. Machozi yakamlengalenga, akakubali. Nilikusudia kumdanganya, lakini nilipojisikia nikisema, haikuwa uongo.

Jumanne, tarehe 5 Machi

Mpango ulikuwa safi. Viraka mia na ishirini, sita kwa siku, siku ishirini. Wiki tatu hizo!

Shemeji alinielekeza kwa simu asubuhi. Kiraka ni inchi sita, "halafu acha robo inchi kila upande." Nimefuata neno kwa neno. Sita, acha robo huku, acha robo kule, inabaki tano na nusu. Nilishangaa kidogo, mshonaji gani anayepoteza kitambaa kizuri hivyo? Ila sikutaka kujitia mjuaji.

Nikaanza na gauni la kijani lenye mifuko. Mfukoni mlikuwa na pini na risiti ya viazi. Nilikata viraka sita, nikaweka mkasi chini, nikajiambia basi kwa leo. Nikashindwa. Gauni limekaa mezani nusu, mkono mmoja unaning'inia. Sikuweza kuliacha vile, na sikuweza kulirudisha kabatini. Nikalimalizia. Nikashika la pili. Nilijua nikisimama sitaanza tena.

Hadi jioni nimekata yote saba. Nimelia kwa sauti, naandika hapa kwa sababu hakuna atakayesoma. Mistari mingine sikuiona vizuri. Siku ishirini zangu zimekwisha kwa siku moja.

Jumatano, tarehe 6 Machi

Sitaki kuikumbuka.

Nimepeleka viraka ukumbini kwenye kapu. Shemeji akaweka rula juu ya kimoja. Akaweka juu ya kingine. Akaniuliza taratibu, kama anaongea na mgonjwa, ile robo inchi ya mshono iko wapi. Nikamwambia nimeiacha. Akauliza nimeiacha wapi. Nikasema nimeiacha, si uliniambia niiache?

Kumbe alitaka niibakize! Dobi alicheka mpaka miwani ikamdondoka. Nilitamani sakafu inimeze.

Baya zaidi, vingine vimekwenda upogo. Kuna kimoja kina inchi nne upande mmoja. Kwa kuwa vyote lazima vilingane, vyote vimepunguzwa vifike nne, na mshono ukala tena sehemu yake. Kitambaa cha kurudia hakuna. Kabati zima la mke wangu nimelimaliza kwa neno moja.

Binti alipoambiwa alitoka nje. Alirudi macho mekundu, akasema si kitu, Baba. Heri angenifokea.

Halafu ndipo shemeji akatoa habari ambazo kila mtu aliziona njema: blanketi dogo halichelewi. Siku tano zimekuwa tatu. Mimi mwenyewe nimejipalia makaa! Cherehani nne zikaanza kunguruma. Nikajifanya nafunga kamba za viatu, nikachomoa mkanda wa cherehani ya shemeji, nikauficha ndani ya soksi. Dobi akatoa mwingine mfukoni bila hata kuulizwa. Nimerudi nyumbani mguu ukiniwasha.

Alhamisi, tarehe 7 Machi

Blanketi ni tabaka tatu: viraka juu, pamba katikati, bitana chini. Bila pamba hakuna blanketi. Nimeliwaza hilo tangu alfajiri.

Leo kazi imehamia nyumbani kwetu. Shemeji alipokwenda kunawa mikono, nilinyakua mfuko wa pamba nikaukimbiza kwenye kabati la marehemu. Liko tupu sasa, na hakuna mwenye sababu ya kulifungua. Tukautafuta nyumba nzima. Mimi ndiye niliyetafuta kwa bidii kuliko wote, hata chini ya jiko niliangalia. Nikapendekeza tungoje mzigo mpya wa pamba, labda mwezi ujao.

Binti akatoka chumbani kwangu ameukumbatia mfuko. Alikuwa amefungua kabati tu, kutazama pale magauni yalipokuwa. Hakunishtaki kwa mama yake mdogo. Akakaa sakafuni, akatandaza pamba, akaanza kupiga bandi ndefu ndefu ili tabaka zisihame. Nami nikakaa nikamshikia pembe. Nilifanya kazi hiyo vizuri, sijui kwa nini.

Ijumaa, tarehe 8 Machi

Limekwisha saa nane mchana. Zuri mno. Kijani, bluu, ile zambarau aliyoivaa mama yake siku binti alipohitimu. Linafunika kuanzia magoti hadi vidole vya miguu, kwa sharti usijigeuze.

Kwa kuwa hakuna tena cha kusubiri, binti amebadilisha tiketi. Anaondoka kesho.

Jumamosi, tarehe 9 Machi

Asubuhi jikoni aliniuliza kama mkanda na pamba vilikuwa kazi yangu. Nikasema mkanda gani. Hakukasirika. Akaniambia hawezi kuikataa kazi, lakini kama sitaki aende, niseme tu kwa mdomo wangu, yeye anataka kusikia. "Sema, Baba. Nitaenda, lakini sema."

Nilikuwa na maneno yote. Naam, yalikuwa pale pale. Mdomo ukafunguka, nikamuuliza kama amebeba betri za tochi.

Kisha akafunga zipu ya begi.

Kituoni alipata kiti cha dirishani. Akalitandika blanketi mapajani, akalinyoosha kwa viganja, akanipungia. Basi lilichelewa kuondoka dakika arobaini, bila mkono wangu, na muda wote huo tulitazamana kupitia kioo na sikusema. Niliporudi nilipika kwa ajili ya wawili. Sikuweza kula hata cha mmoja.

Alhamisi, tarehe 14 Machi

Binti hupiga simu kila jioni. Jana aliuliza naendeleaje, akanyamaza, kama ananiachia nafasi. Ningeweza kusema nimemkumbuka. Ni neno moja. Nikasema nimeteguka kifundo cha mguu, siwezi hata kufika bafuni. Hesabu ilikuwa rahisi: mtoto mwema husikia hivyo akapanda basi.

Mtoto mwema alimpigia shemeji.

Shemeji amewasili leo saa moja asubuhi na masanduku mawili na cherehani. Kashika chumba cha binti. Atakaa mpaka nipone. Kanifunga bendeji, kanipangia saa ya kulala, kaondoa sukari yangu, na tangu hapo anashona upande wa pili wa ukuta wangu mpaka picha zinatikisika. Binti kapiga simu kushukuru. Anasema sasa ametulia, hana wasiwasi tena, na likizo yake ya kwanza ataitumia kupumzika huko huko.

Sijakata tamaa! Inatakiwa tu mguu uzidi, uzidi kiasi kwamba shemeji auone mzigo ni mkubwa na binti alazimike kuja mwenyewe. Kuanzia chakula cha mchana nimechechemea kwa nguvu zote. Jioni shemeji akaweka sindano chini, akaniuliza mbona asubuhi aliufunga mguu wa kushoto na sasa nachechemea wa kulia.

Nimemjibu kwamba inapokezana. Nadhani ameamini.