Mfumo Unamtambua Nyandwi Mmoja

(Hotuba ya Mratibu Mkuu wa Mradi wa Utambuzi wa Wakazi na Wageni kwa Kompyuta, aliyoitoa kwenye uwanja wa mkutano Kirushya, wilaya ya Ngara, Februari mwaka 2000. Mezani pana kitu cha mraba kilichofunikwa kitambaa cheupe cha kufuma. Nyuma ya meza limeegeshwa lori.)

Mheshimiwa mwakilishi wa Mheshimiwa ambaye angekuwepo kama asingepata udhuru. Waheshimiwa wawakilishi wa wale waliotuma wawakilishi. Viongozi wa dini mliofika na mnaoendelea kufika. Wazee maarufu, na wazee wengine. Akina mama wa mstari wa mbele, na akina mama wa mstari wa nyuma ambao nimeshawaomba mara mbili muache kumenya maharage nikiwa naongea. Wageni kutoka ng'ambo ya mto mnaoishi nasi kwa kibali, na ninyi mnaoishi bila kibali mkidhani hatuwaoni. Wafadhili wetu, ambao hawapo ila moyo wao upo. Ndugu yangu dereva wa lori. Mabibi na mabwana. Kama kuna cheo nimekiruka, mwenye nacho ajihesabu ametajwa. Wazee wangu, shikamooni.

(Wazee: Marahaba.)

Nimetoka Biharamulo alfajiri, nimekula vumbi hadi koti hili, ambalo lilikuwa la bluu, mnaliona lina rangi ya tofali, na yote hayo kwa sababu ya mapenzi yangu kwenu na kwa sababu gari lenye vioo linatumika kwa semina. Nimekuja kuwatangazia jambo ambalo babu zenu hawakuliona na ninyi msingeliona kama nisingekuwa mimi. Ule mfumo endeshi wa kompyuta, ambao sisi wataalamu tunauita opereting sistimu, Toleo la Kwanza, mliouona mwaka jana...

(Sauti: Hatukuuona.)

...mliousikia mwaka jana, sasa umefanyiwa maboresho, umefanyiwa kapasiti bildingi, umeshirikisha wadau wote wa ngazi zote isipokuwa ngazi ya chini, na leo hii, ukiwa umefunikwa hapa mezani kwa heshima yake, unaitwa Toleo la Pili Nukta Moja. (Makofi kutoka kwa karani wa mradi.) Asante, Derick. Kwa mfumo huu, ndugu zangu, tumesajili asilimia mia moja na kumi na mbili ya wakazi wa Kirushya, kiwango ambacho hakijawahi kufikiwa popote, na mtu asiniambie kwamba mia ndiyo mwisho, kwa sababu huko ni kukosa dira.

Sasa, uungwana wa kisayansi unadai kwamba kila toleo litoke pamoja na maelezo ya hitilafu zake zinazofahamika na marekebisho yake. Hitilafu hizo kitaalamu zinaitwa wadudu. Ndiyo, wadudu. Mfumo wetu una wadudu wanaofahamika.

(Mzee mmoja ananyanyuka: Mheshimiwa, kwa maharage sisi tunachanganya na majivu. Wanakufa.)

Kaa, mzee, nakushukuru. Hawa hawali maharage, wanakula data. (Mzee: Majivu hayachagui.) Derick, andika majivu, tutayafanyia upembuzi yakinifu.

Hitilafu ya kwanza ni kwamba mfumo hauwaki kukiwa na mawingu, kwa kuwa unategemea jua. Marekebisho yake ni kwamba mawingu yapungue, na hili tumeliandikia barua kunakohusika.

Hitilafu ya pili inatokana na ninyi wenyewe, na nitasema bila kumung'unya maneno. Mnachanganya eli na ari. Karani anakuuliza jina, unamtajia kwa ulimi wa nyumbani kwenu, yeye anaandika alichosikia, kesho unataja tena, anaandika kingine. Matokeo yake Bwana Malongo, yule pale mwenye kofia, yumo kwenye mfumo kama Malongo, raia mwema, na yumo tena kama Marongo, mgeni asiye na kibali. (Kicheko.) Msicheke, ni jambo zito. Barua imeshatoka ikimtaka raia Malongo amkamate na kumkabidhi mgeni Marongo, na tangu siku ile Bwana Malongo haoni raha kujiangalia kwenye kioo. Marekebisho: tumempa siku kumi na nne achague yupi abaki.

(Malongo: Na yule mwingine mnampeleka wapi?)

Hilo liko nje ya wigo wa mradi.

Hitilafu ya tatu na ya nne ni siri. Ya tano ndiyo nataka tuielewe vizuri, kwa sababu naona kuna mama amesimama pale tangu nianze, hakai, hapigi makofi, ameshika karatasi, na mimi mtu akisimama namna ile najua ana hitilafu ya tano. Wewe ni nani, mama?

(Mwanamke: Auleria, mke wa Mzee Nyandwi. Nyumba yetu ndiyo ile, migomba ya kwanza ukitoka barabarani. Mmemwandika mume wangu apande lori leo apelekwe kambini na wageni. Mume wangu amezaliwa hapa.)

Subiri, mama, usiirukie hotuba. Derick, mtafute Auleria. (Derick anafunua daftari kubwa chini ya meza.) Anasema yupo Aureria, Auleria hayupo. Unaona, mama? Kwa hiyo kitaalamu hapa haongei mtu, ila kwa huruma yangu nitajibu.

Ndugu wananchi, mtaalamu mwelekezi wetu alipokuja kuukagua usajili aligundua jambo la kutisha, kwamba ndani ya kata hii moja wamo watu arobaini na mmoja wanaoitwa Nyandwi. Arobaini na mmoja. Aliketi, akaomba maji. Akasema haiwezekani jina moja liwe la watu wote hao, huu ni udanganyifu wa kupanga, mtu mmoja amejiandikisha mara arobaini na moja.

(Vicheko. Sauti: Nyandwi ni mtoto wa saba. Sauti nyingine: Mama akizaa wa saba amwite nani tena?)

Nimeyasikia hayo, na mimi si mgeni wa mila, lakini mtaalamu alikuwa anaondoka kesho yake, hakukuwa na nafasi ya kuhesabu watoto wa watu. Basi wote arobaini na mmoja wameunganishwa kuwa mmoja, na kuanzia Toleo hili mfumo unamtambua Nyandwi mmoja tu. Sasa hebu mtazameni huyu Nyandwi kwa jicho la data. Amebatizwa mwaka thelathini na nane, akabatizwa tena themanini na mbili. Ana wake kumi na tisa na waume sita. Amefariki mara tatu, na mara zote amerudi kulima. Jumapili moja ameonekana kanisani, kwenye pombe ya rubisi na wodi ya leba kwa wakati mmoja. Mtu wa namna hii, anayezurura kiasi hiki, anaweza kuwa mwenyeji? Mwenyeji hutulia. Mfumo wenyewe, bila kushawishiwa na mtu, ukatamka kwamba Nyandwi ni mgeni.

(Auleria: Wa kwangu hajazurura. Hata Ngara mjini anakwenda kwa mwaka mara moja, kufuata dawa ya mgongo.)

Sikatai. Lakini agizo linasema Nyandwi apande lori, na mume wako ndiye Nyandwi ambaye nyumba yake lori linaifikia bila kupita kwenye tope. Huo unaitwa ufanisi. Tena naomba umma ujue kwamba kambini kuna blanketi, kuna sufuria, kuna unga wa njano, kuna hata foleni.

(Auleria: Ana miaka sitini na mbili. Cheti chake cha ubatizo hiki hapa. Akipanda leo, nani atamrudisha? Hao waliochukuliwa mwezi wa kumi na moja hatujawaona hadi leo. Naomba mlifute jina lake tu, sitaki kingine.)

Mama, nisikilize kwa utulivu. Mfumo hausomi karatasi. Mashine haina shemeji, haina chuki, haijui huyu wa kilima hiki wala huyu wa ng'ambo. Ndiyo maana tuliacha kuwaamini watu. Zamani ungemlaumu mtendaji, ungesema anakuonea wivu kwa shamba. Leo unamlaumu nani? Huna wa kumlaumu, na hayo ndiyo maendeleo.

(Auleria: Basi nifunulie hiyo mashine nimwone mume wangu alivyoandikwa.)

Hapana. Ikipigwa na vumbi inaharibika.

(Minong'ono. Dereva wa lori anashuka, anawasha sigara.)

Nisiwachoshe. Mimi binafsi, na sisemi haya kwa kujisifu, nimehudhuria kozi mbili na kuijongelea ya tatu. Nawaahidi Toleo la Tatu, ambalo litatofautisha eli na ari, Nyandwi na Nyandwi, marehemu na aliyesinzia. Litakuja likiwa na apudeti, likiwa na bakapu, na kila kaya itakuwa na neno lake la siri ambalo tutalibandika kwenye ukuta wa ofisi ili lisisahaulike. Nikisema mfumo, semeni unaona. Mfumo!

(Derick peke yake: Unaona.)

Kirushya mpya!

(Mzee wa majivu: Ya zamani ina shida gani?)

Haya. Nimalizie kwa shukrani, kwani mtu asiyeshukuru hapewi feizi ya pili. Kwanza nawashukuru wafadhili, ambao kompyuta zao tutazipokea mara tu watakapojibu barua yetu ya kuziomba. Namshukuru mtaalamu mwelekezi, ambaye ameahidi kuanza kuutengeneza mfumo mara kompyuta zitakapofika, Toleo la Kwanza kwanza, halafu hili. Namshukuru Bi Evarista wa mgahawa pale stendi ya Biharamulo, aliyetuazima kwa moyo mmoja boksi la televisheni yake pamoja na hiki kitambaa, na Bi Evarista, kama habari zitakufika, kitambaa kimeshika vumbi kidogo tu. Na shukrani za pekee ni kwa kijana wetu Derick, ambaye mfumo ukiwa bado haupo hakukaa bure, aliiandika orodha yote ya lori kwa mkono wake, ndani ya gari, siku moja tu, mimi na dereva tukimtajia majina tuliyoyaona yana sauti ya ng'ambo.

(Akina mama wameacha maharage.)

Mbona mnaniangalia hivyo? Ndiyo kusema sasa, mama Auleria, unapata jibu lako kitaalamu. Umeomba jina lifutwe kwenye mfumo. Jina haliwezi kufutwa kwenye mfumo ambao haujaanza. Ila lori limeanza. Lori lipo, mafuta yapo, na linatakiwa Biharamulo kabla ya giza. Derick, ita jina tufunge mkutano.

(Derick, kwa sauti ndogo: Nyandwi.)

(Mzee Nyandwi anasimama, anashika mgongo. Auleria anamrudisha chini kwa bega, kisha anageukia uwanja na kusema neno moja kwa Kihangaza, lugha ya wenyeji. Anasimama mwanamume karibu na shimo la taka. Wanasimama ndugu wawili wenye majembe. Anasimama msichana wa kwaya, na mama mwenye mtoto mgongoni, na fundi baiskeli. Wanaendelea kusimama.)

Kaeni chini. Nimemwita mmoja. Nani ni Nyandwi hapa?

(Uwanja: Mimi.)

Mimi nani?

(Auleria: Mheshimiwa, umesema mwenyewe, na karani ameandika. Nyandwi ni mmoja. Huyo ndiye huyo. Mpakie.)

Mama, hawa ni arobaini na mmoja.

(Auleria: Hiyo ni hitilafu inayofahamika. Sisi tunafuata mfumo. Ukimchukua Nyandwi umchukue mzima, usituachie vipande.)

Dereva, lori lako linabeba wangapi? (Dereva: Thelathini, mheshimiwa, na kule nyuma wamo kumi na wanne tuliowachukua njiani. Tena mheshimiwa, hata mimi kwetu Nyamigogo ni wa saba. Mama aliniita Nyandwi, hilo lingine ni la leseni.) Nani amekuuliza habari za mama yako? Rudi kwenye gari. Unakwenda wapi? Usisimame nao, nani ataendesha? Derick, na wewe kwa nini umesimama? (Derick: Mheshimiwa, kwetu tuko tisa, mimi ni wa saba.)

Basi. Basi, ndugu wananchi. Msikaribie meza. Kama mnavyojionea wenyewe, mradi umefanikiwa kuliko ulivyotarajiwa, ushiriki wa jamii umevuka malengo, na giza linaingia, na mimi lori siwezi kuliendesha. Hao kumi na wanne nao washuke wanyooshe miguu, na wakichelewa kurudi hatutawangoja. Mama Auleria, rudishia hicho kitambaa ulichokifunua, ni cha watu. Nashukuru sana kwa kunisikiliza, na kwa utulivu wenu, na kwa kusimama kwenu. Derick, keti uandike taarifa ya leo kabla hujasahau, tarehe, mahali, mahudhurio mazuri, na hapo chini, kwa kalamu ya wino, andika kwamba Nyandwi hakupatikana.