Nondo wa Mashimba

Jumatatu, 4 Novemba 2024

Konda leo kapiga kelele tena: Kwa Juvenali, shukeni! Kituo kizima kinaitwa Juvenali, kisa aliwahi kuweka kibanda cha mandazi pale. Mimi nilihama Shinyanga kuja hapa mwaka uleule alioanza, na hata shimo la barabarani haliitwi Mashimba. Roho inaniuma. Siwezi kukaa wala kusimama.

Jumanne, 5 Novemba

Habari njema! Mtaalamu wa wadudu, Dokta Odeta, kafikia gesti moja hapa Nyakanazi. Anatafuta nondo, wale vipepeo wadogo wa usiku. Wanasema aina isiyojulikana huweza kupewa jina la aliyeiona kwanza. Vitabuni! Juvenali atajiju.

Nimekamata mmoja jikoni. Mdogo kama punje ya mchele, rangi ya majani makavu, mabawa membamba. Hana mvuto. Nimemtia madoa mawili kwa rangi ya kucha ya binti yangu Diana. Sasa hata mimi simjui.

Jumatano, 6 Novemba

Nimempeleka ndani ya kiberiti. Juvenali alikuwepo, kaleta mandazi. Safi, awe shahidi! Dokta akatazama kwa lenzi. Akanusa. Akasema madoa yananuka saluni.

Akaeleza kwa upole kwamba nondo hatambuliwi kwa rangi tu. Wanaangalia mishipa ya mabawa, midomo, mambo mengi. Huyu bawa lake la nyuma limechongoka kama kidole, lina matamvua marefu: nondo wa nafaka, anajulikana zamani. Akauliza kama nyumbani wako wengine. Nikajibu kwa fahari kwamba wamejaa! Akasema basi mahindi yangu yanaliwa kwa ndani. Juvenali alicheka mpaka akaweka sinia chini.

Alhamisi, 7 Novemba

Mama Diana kafungua kihenge. Punje zina matundu. Kakaa chini, kauliza watoto watakula nini mpaka mavuno. Nimeona aibu, kusema kweli. Kaamuru kesho tuanike yote, tuokoe yanayookoleka, asibaki nondo hata mmoja.

Ijumaa, 8 Novemba

Tumeanika tangu asubuhi. Mgongo umekwisha. Mara namsikia jirani yetu Ernesta akilalamika kwamba mahindi yake nayo yameingiwa na nondo wa Mashimba.

Nondo wa Mashimba! Nimemuuliza: kumbe wote wanawaita hivyo, hata Juvenali, bila dokta wala kitabu. Na mke wangu anataka kuwamaliza!

Nimeficha ndoo moja ya mahindi mabovu chini ya kitanda. Nimeifunika kwa kitenge, wasipate baridi. Mama Diana akiuliza, nitasema ni mbegu.