Tundu Lililo Chini ya Boti Yangu

Kwa Mwenyekiti,
Chama cha Wenye Boti Ndogo,
Hapo gatini.

Ndugu Mwenyekiti,

Nimemkosea shemeji yangu. Naanza na hilo kabisa ili usije ukasema nimezungukazunguka. Jumapili ile boti yetu ilipozama mbele ya gati, nilisimama mbele yako, mbele ya kamati na mbele ya yule mama wa chai, suruali inachuruzika maji, nikapaza sauti kwamba shemeji ndiye aliyesahau kufunga kizibo cha tundu la chini ya boti. Ukweli ni kwamba sikumwona akisahau. Nilikuwa nakisia tu. Tatizo ni kwamba nilikisia kwa sauti kubwa.

Sasa nasikia kamati imeliweka pembeni jina lake kwenye ile kazi ya unahodha wa boti ya uokoaji, na Jumamosi mnampigia kura mtu mwingine, eti aliyezamisha boti ya familia hawezi kukabidhiwa boti ya kuokoa wanaozama. Hoja nzuri, Mwenyekiti, sina ubishi nayo. Ila mmekamata mtu siye. Shemeji ameisubiri kazi hiyo tangu boti yenyewe ikiwa bado picha ukutani ofisini kwako. Tangu Jumapili haji kwetu. Mke wangu, ambaye ni dada yake wa tumbo moja, siku hizi anaongea na sufuria, mimi nasikiliza.

Basi nimekaa nikafikiri. Kama siyo shemeji, na mimi siwezi kuwa mimi, maana nakumbuka vizuri nilikifunga kile kizibo kwa mikono yangu hii hii, lazima mkosaji ni mwingine. Kwa heshima zote nawasilisha malalamiko dhidi ya wafuatao.

1. Tundu lenyewe. Siku nanunua boti, muuzaji alinionyesha usukani, viti, hadi kishimo cha kuwekea chupa ya soda. Hakuniinamisha akaniambia, "Kaka, na huku nyuma, chini kabisa, kuna tundu." Mwenyekiti, boti ina kazi moja tu hapa duniani, kuyazuia maji yasiingie. Halafu mtu mzima, mwenye akili zake na mshahara wake, anaitoboa makusudi kiwandani! Shemeji alinieleza kwamba tundu ni la kutolea maji ya mvua boti ikiwa nchi kavu. Nikamuuliza, haya maji mengine yatajuaje kwamba hapo ni pa kutokea na siyo pa kuingilia? Akanijibu, "Shemeji, ndiyo maana kuna kizibo." Naomba chama kipige marufuku matundu.

2. Kizibo. Kitu kinachobeba roho za watu kina ukubwa wa kidole gumba, tena cheusi, kama vile kimetengenezwa ili kipotee. Shemeji alitaka tukifunge kamba, kikae hapo hapo karibu na tundu lake. Mimi nilikataa kwa sababu nina utaratibu wangu, ambao mnaujua na mnaucheka. Kila tukishaivuta boti juu, nakichomoa kizibo naenda nacho nyumbani. Ni ulinzi. Mwizi akiiba boti isiyo na kizibo hafiki mbali, na akifika katikati ya maji atatuletea taarifa mwenyewe kwa kupiga kelele. Chekeni, lakini niambieni, boti yangu imeshawahi kuibiwa? Kasoro ya utaratibu huu niliigundua Jumapili tu, kwamba boti haina uwezo wa kumtofautisha mwizi na mwenye mali.

Na hata hivyo nasisitiza nilikifunga. Naukumbuka ubaridi wake vidoleni. Kwa hiyo kimejichomoa chenyewe, na sababu kinaijua chenyewe.

3. Injini. Hii nailaumu kwa kuficha ushahidi. Boti ikikimbia kwa kasi, yale maji yanayojaribu kuingia yanafyonzwa yanarudi nje kwa tundu hilo hilo. Sikuwa najua. Kwa hiyo muda wote tuliokuwa tunakata maji, mimi nimeshika usukani, shemeji amekaa mbele, na mama mkwe amekaa katikati na gauni lake la kutokea, boti ilikuwa kavu kama sahani. Hata mama mkwe alisema, "Kumbe mkwe wangu unaweza!" Sentensi hiyo nimeisubiri tangu nilipooa. Naiomba kamati ielewe ni kitu gani injini ile ilinipa na kuninyang'anya siku moja.

4. Mama mkwe. Namwandika hapa kwa unyenyekevu, na naomba barua hii isimfikie. Ni yeye aliyesema, "Baba, hebu simama kidogo nipige picha." Nikasimama. Kufumba na kufumbua nasikia ananiuliza, "Hivi boti yenu hii ina maji ya ndani pia?" Nikamjibu ni kawaida. Maji yakafika kwenye viatu. Nikamwambia hiyo nayo ni kawaida, boti zote za kisasa ziko hivyo. Kwa hesabu zangu, Mwenyekiti, kama kusingekuwa na mtu wa kutaka picha, mpaka leo tungekuwa tunakwenda, wakavu, na heshima zetu.

5. Kile kikamba chekundu. Unakijua, kile nahodha anachotakiwa ajifunge mkononi, akitupwa majini kinachomoka na injini inazimika. Mimi nilipotaka kusimama kwa ajili ya picha nilikivuta kwa madaha, kama ninavyoona wenzangu wakifanya, kikaniponyoka kikaenda majini. Shemeji akawa anapiga kelele, "Washa turudi! Ikikimbia inakauka!" Nikavuta kamba ya kuwashia. Nikavuta. Nikavuta tena, na kiwiko kikaiangusha kofia ya mama mkwe. Bila kikamba kile injini haiwaki hata uilie. Aliyebuni kitu cha kukuokoa kisha akakifanya kiwe chepesi cha kudondoka, namwita mbele ya kamati.

6. Nanga. Tulipokaribia gati kwa kasia la shemeji, niliona na mimi nifanye jambo la maana, nikairusha. Ilikwenda vizuri sana. Kamba yake ilikwenda nayo yote, kwa sababu hakuna aliyeifunga kwenye boti. Aliyetakiwa kuifunga ni mimi, lakini nanga nayo ilikuwa na muda wa kutosha wa kulalamika.

7. Maji. Hapa ndipo penye uchungu wangu. Pale tulipozama, maji yanafika kiunoni. Mtu akizama anastahili kina. Kuzama umesimama wima, watu wako gatini wanakula mihogo na kukuuliza kama umeshafika, ni fedheha isiyovumilika kwa mwanaume wa umri wangu. Nashauri chama kiongeze kina sehemu ile, au kiwaombe wanaokaa gatini wageukie upande mwingine chombo cha mwanachama kinapozama. Na hata lile jina la Kapteni Ndoo wanaloniita tangu Jumapili likome, maana ndoo yenyewe niliyokuwa nachotea maji ilizama pia.

Nimejitahidi kuwa mkweli, kwa hiyo niseme na hili. Katika zahama yote ile shemeji hakupiga kelele za hovyo. Alipapasa akalipata tundu, akavua soksi akaisokomeza humo. Akamvalisha mama jaketi la kuokolea, akachukua kasia, akalipiga mpaka tukafika karibu na gati, na boti ilipokaa chini akambeba mama mgongoni. Mama mkwe alifika nchi kavu amelowa magoti tu, na simu yake inafanya kazi. Mimi nilibaki kwenye usukani kwa sababu nahodha haachi chombo chake, na pia kwa sababu suruali ilikuwa imenasa.

Kwa hiyo naomba kamati iamue kwamba hakuna binadamu aliyekosea. Shemeji arudishwe kwenye orodha, mimi nisitajwe, na lawama zote zibebwe na tundu, ambalo halina familia.

Nisalimie wanakamati wote, mlinzi wa geti, na mama wa chai aliyenipa taulo na akajizuia kucheka mpaka nilipogeuka.

Ni mimi mwanachama wako mtiifu, wa ile boti ya bluu ambayo sasa ina rangi ya tope.

Nyongeza: Mwenyekiti, nilikuwa nalamba bahasha mke wangu akaingia. Kwa mara ya kwanza tangu Jumapili ameongea na mimi moja kwa moja, siyo na sufuria. Ameuliza, "Hicho ulichokandamizia karatasi ni nini?"

Humu ndani kuna feni, karatasi zilikuwa zinapeperuka, nikachukua kitu cha kwanza kilichokuwa mezani. Nimetazama. Ni cheusi, kina ukubwa wa kidole gumba. Jumapili ile hakikutoka humu ndani. Ule ubaridi ninaoukumbuka vidoleni utakuwa wa Jumapili nyingine.

Mke wangu amesimama nyuma yangu, hatoki, kwa hiyo namalizia na lile nililoliruka. Kabla hatujaisukuma boti majini, shemeji aliniuliza, "Shemeji, kizibo umefunga?" Nikamjibu, mbele ya mama yake mzazi, "Kwani unadhani naanza leo?" Kwa kuniheshimu, akainama tukaisukuma boti. Na mimi nikaenda kumlipa kwa kumtaja yeye.

Futa kuanzia namba moja hadi namba saba. Ya soksi, kasia na mgongoni yaache, hayo ni ya kweli.

Jumamosi asubuhi, kabla hamjanyoosha mikono, nitasimama gatini pale pale niliposimama, na nitatumia sauti ile ile, watu wa mihogo na mama wa chai wakiwepo. Nitakinyanyua kizibo juu kila mtu akione, nitaeleza aliyeuliza ni nani na aliyejibu jeuri ni nani, halafu nitamkabidhi shemeji akifunge kwa kamba yake, karibu na tundu, kama alivyotaka tangu mwanzo. Tafadhali msianze bila mimi. Nitakuja kwa miguu.