Taa Zilizowaka Zenyewe Kando ya Kaburi

Leo nimejiaibisha mpaka nimekuja kujificha jikoni. Naandika haya nikiwa hapahapa, mlango nimeurudisha.

Mnajua mimi ni mtu wa Bungoma niliyeoa Kampala, na naishi Mbuya na mke wangu Resty. Mama yake amekuja wiki hii kutibiwa hospitali ya Nsambya. Kwa Waganda, mkwe na mama mkwe hawagusani kabisa. Hata kusalimiana ni kwa mbali. Tangu nioe tumeheshimiana hivyo bila kosa.

Kabla hajafika nilitaka ua wetu uwe na taa. Dukani nikaonyeshwa waya wa nje, mweusi, mnene, wa kuhimili mvua na jua. Nikauona kama nyoka. Nikachukua ule mweupe mwembamba wa ndani ya nyumba, kwa sababu unafanana na ukuta. (Ndiyo. Nilichagua waya kwa rangi.) Nikaufunga mwenyewe: ukutani, kwenye nguzo ya chuma ya kuanikia nguo, halafu nikaufukia kando ya kaburi la babu wa mwenye nyumba, lililoko nyuma ya nyumba tangu zamani.

Leo mchana mvua ikaja kutoka upande wa Port Bell. Ilipokatika, mbingu ilibaki nyeusi na ndege wote kimya. Nikachungulia dirishani. Taa zilikuwa zinawaka, lakini si kuwaka kwa kawaida. Mwanga hafifu, wa kibuluu, kama macho ya paka. Nikaenda kuzima.

Swichi ilikuwa imezimwa.

"Resty, nani amewasha taa?"

"Hakuna mtu. Zima."

"Zimezimwa."

Akaja, akatazama. Ukutani kulikuwa na sauti ndogo, kama mzee anayenung'unika kabla ya kuamka. Mbwa wetu akaisogelea nguzo, akakanyaga udongo uliolowa, akarudi kinyumenyume akilia.

Mama mkwe akasema jambo kwa Kiganda kutoka chumbani. Resty akanitafsiria kwa sauti ya chini: "Anauliza kama ulimwomba ruhusa mwenye kaburi kabla ya kuchimba."

Sikuwa nimemwomba.

Basi nikaenda kuomba msamaha. Mama mkwe akatoka, akaketi mkekani barazani kushuhudia. Jirani yetu Afande Ochen, polisi mstaafu, akasimama upande wake wa seng'enge.

"Wewe nenda tu," akaniambia. "Mimi iko hapa."

Nikavua viatu kwa heshima. (Msiniulize.) Nikakanyaga tope, nikasema, "Mzee, samahani," nikaishika nguzo nipige magoti.

Mzee akanishika mkono.

Ndivyo nilivyojua wakati ule. Kitu kilinibana vidole, kikapanda mpaka begani, kikagonganisha meno yangu, kikaniachia. Nilikimbia. Nilipopata akili nilikuwa mkekani, nimemkumbatia mtu shingoni, napiga kelele, "Ameamka!" Mtu huyo alikuwa amekauka kama gogo. Hakuwa Resty.

Afande Ochen aligeuza uso kwa adabu. Kisha akaingia kwetu, akashusha swichi kuu. Taa zikafa. Mnung'uniko nao ukafa.

"Roho gani hii inasikia swichi?" akauliza.

Tukakagua. Msumari wangu mwenyewe ulikuwa umetoboa waya, maji yakaingia, na nguzo nzima ikawa na umeme. Swichi nayo nilikuwa nimeiunga kwenye waya wa kurudisha umeme, si ule unaouleta, kwa hiyo hata ikizimwa umeme ulibaki njiani. Kamba ya nguo, ambayo ni ya chuma, inaanzia palepale, na juu yake kulikuwa na kitambaa cha kichwa cha mama mkwe. Alikuwa ametoka chumbani ili akakianue. Aliponiona naelekea kaburini ndipo akaketi kusubiri. Resty aliposikia hilo alikaa chini, na mimi nikakaa. Hatukutazamana.

Nimeng'oa waya wote. Kesho naufuata ule mweusi.

Tatizo ni kwamba mikono yangu bado inatetemeka. Na sasa hivi mama mkwe amemwambia Resty kwamba huku kwao mwanamume akimgusa mama mkwe wake hupatwa na obuko, ugonjwa wa kutetemeka ambao hospitali haiujui. Nawaombeni msicheke mpaka tujue ninaugua nini.