Mkulima wa Kadi Namba Kumi na Saba

Jumatatu, 4 Juni 1973

Leo nimekwenda Ruvuma kwa baiskeli, hadi kule mto unakoingia baharini. Nimekagua shamba la mpunga na kurudi kabla ya adhuhuri. Miaka sitini na miwili! Vijana waje wajifunze.

Uongo. Nimeishia Rahaleo, hapa hapa mjini. Magurudumu yalikuwa mazima, aliyeishiwa upepo ni mimi. Nimekaa kwa Mwanaamina muuza vitumbua, nikala sita.

Lakini kadi ya mkulima lazima ijazwe. Kituo chetu cha ugani cha chuo kikuu kina wasaidizi wawili, mimi na Athumani, na mkuu wa kituo, Bwana Danieli, ametangaza kwamba baada ya Siku ya Wakulima Jumamosi atabaki mmoja tu. Atakayeleta mkulima bora, huyo huyo. Basi mkulima nikamtengeneza palepale, kwenye benchi la Mwanaamina. Kadi namba 17. Jina: Adelino. Asili: ng'ambo ya mto. Shamba: ekari mbili za mpunga, mlangoni mwa Ruvuma, nyuma ya mikoko. Tabia: mpole, msafi, mwenye shukrani. Umri nikaacha wazi. Mke nikaacha wazi. Uvivu tu. Dole gumba nikapiga langu, lenye kovu la mbuzi ya nazi. Ramani ya shamba nikachora mraba, kikombe cha chai kikaacha duara katikati.

Nani ataenda kutazama?

Jumanne, 5 Juni

Somoe, mpiga chapa wetu, ametoa ile karatasi yake ya Habari za Watumishi na Matukio Yajayo. Habari: Bwana Danieli karudi kutoka Morogoro na miwani mipya. Athumani kapata mjukuu. Matukio: Jumamosi wataalamu wa chuo watakuja kumtuza Adelino wa Ruvuma, mkulima bora, aliyegunduliwa na Mzee Thabiti.

Aliyegunduliwa! Nimeisoma mara nne.

Athumani kaniambia kule nyuma ya mikoko hata kaa hawalimi. Nikamjibu kwamba wivu unamzeesha. Hakucheka. Raha iliyoje!

Jumatano, 6 Juni

Amekuja.

Sijui niandikeje. Mimi nilikuwa posta. Somoe anasema saa nne asubuhi aliingia mzee mmoja kabeba mganda wa mpunga, suruali ina tope hadi magotini, akasema yeye ni Adelino. Akapiga dole gumba kwenye kitabu cha wageni. Bwana Danieli kachukua kioo cha kukuzia, kalilinganisha na la kwenye kadi. Sawasawa, mpaka kovu. Niliporudi kanisifu mbele ya watu: "Mzee Thabiti, hii ndiyo kazi." Tangu hapo mkono wangu uko mfukoni.

Nikamuuliza Somoe mtu mwenyewe anafananaje. "Kama wewe, Babu," akasema, "ila yeye kachana nywele."

Halafu lile lililonitoa jasho. Somoe alimuuliza umri. Hajui. Alimuuliza kama ana mke. Akasema hapo pia hapakujazwa. Kaacha salamu: aliyemwandika ammalizie.

Hii ni kazi ya Athumani. Katafuta mtu aje anitishe. Nimemtazama kutwa nzima. Yeye anahesabu mifuko ya mbegu tu, mnafiki!

Alhamisi, 7 Juni

Bwana Danieli katupeleka wote wawili kwa Landrova tukaone njia ya wageni. Nilidai tumbo linaniuma. Hakunisikia. Barabara ilipokwisha tukashuka, maji yamekupwa, tukapenya mikoko.

Lipo.

Ekari mbili, mraba, juu ya tope la kijivu. Kingo zimenyooka kama zimepigwa rula. Mpunga unafika kifuani, umeiva. Saa sita mchana, jua kali, na kimya. Mwenye mpunga huku hushinda shambani akiamia ndege mpaka sauti imkauke. Pale hapakuwa na wa kuamia, wala ndege. Upepo ukaja, mikoko ikatikisika. Mpunga haukutikisika.

Athumani kachota maji kwenye mashina, kaonja, katema. Chumvi tupu.

Na katikati ya shamba pana duara jembamba ambamo hakikuota hata kijani. Duara la kikombe. Bwana Danieli akasema bila shaka hiyo ni sehemu ya majaribio, akaandika kwenye daftari lake.

Athumani kanivuta pembeni. "Thabiti, mzee mwenzangu, umefanya nini?"

"Kilimo bora," nikasema.

Ijumaa, 8 Juni

Bwana Danieli kakasirika kwamba kadi ina nafasi tupu. Wageni wataisoma! Athumani kaniomba kwa adabu, Athumani huyu huyu, tukaichome nyuma ya ghala. Kuchoma kadi ya ushindi! Anadhani mimi mtoto.

Nimejaza. Umri: 62, ndio niliokuwa nao karibu. Mke: nikakosa jina, kalamu ikaandika Fauzia. Kina Fauzia wako wengi.

Baada ya sala nimerudi nyumbani na njaa yangu. Fauzia wangu kashangaa. "Baba Sharifa, si umekula sasa hivi?" Sahani imebaki miiba. Anasema nilikaa pale pale, nikala samaki changu kwa mchuzi wa nazi, nikanawa, nikamshukuru. "Miaka thelathini na mitano," akasema, "leo ndiyo mara ya kwanza." Akarudi jikoni anaimba.

Kwenye mkeka pana tope la kijivu, bado bichi. Nimelipangusa mwenyewe. Sijamwambia. Atanidai shukrani kila siku.

Jumamosi, 9 Juni

Siku ya Wakulima. Viti, ngoma, wataalamu watatu wenye tai.

Nimemwona. Ni uso wangu, uliooshwa.

Kila alichoulizwa kajibu kwa maneno ya kadi, hakuzidisha hata moja. Wataalamu wakafurahi, hatimaye mkulima asiyepiga chumvi! Wakampa jembe na koti la mvua. Mmoja akamuuliza nani kamfundisha. Akageuka taratibu, akanitazama, akasema alicho nacho chote kimetoka kwangu na kilichobaki kitakuja. Watu wakapiga makofi. Mimi nikainama kama bwana harusi. Athumani peke yake hakupiga.

Adelino kanipa mkono. Baridi, kama umetoka topeni.

Bwana Danieli kaniletea kadi niandike maoni. Wenye tai wananitazama. Nikaandika kwa mwandiko wa kujikunja: Anafaa kwa kazi yoyote. Maneno mazito! Mmoja kaniuliza nilisoma wapi.

Jumatatu, 11 Juni

Karatasi ya Somoe imetoka. Habari za Watumishi: Bwana Adelino ameajiriwa kuwa msaidizi wa ugani. Athumani ameomba mwenyewe kuhamia ghalani. Nimegeuza nyuma. Nimeigeuza tena. Mimi simo.

Nikamuuliza Somoe vipi. Akainua uso kwenye mashine, kwa heshima zote. "Karibu, mzee. Umetokea wapi?"

Athumani alikuwa mlangoni mwa ghala. Kaniona, naapa kaniona. Kafunga mlango.

Nyumbani mkeka umetandikwa wa watu wawili, na wawili wameshakaa. Fauzia kanikaribisha kama anavyokaribisha wapita njia. Adelino kasogea kunipisha. Mpole, msafi. Nikakataa. Sasa niko barazani, naandika, nawasikia wanacheka.

Basi sikiliza, Adelino. Daftari hili nitaliacha wazi hapa kizingitini ulisome ukitoka. Nimekupa umri, nimekupa mke, nimekupa kazi. Sikurudishi mtoni. Nakudai kitu kidogo tu. Bunda la kadi mpya sasa unalo wewe. Chukua namba 18, uniandike mkulima. Ekari weka tano, mbili hazinifai. Umri weka arobaini. Mke weka wawili. Na usijisumbue kuja kukagua. Jaza tu.