Breki Mpya kwa Kahawa ya Mtini

Breki za watu wengine ndizo zilizomlisha Buberwa. Wapo wanaoishi kwa ndizi, wapo wanaoishi kwa sangara wa Bumbire. Yeye aliishi kwa hofu ya mtu anayeshuka mteremko huku akijiuliza kama gari litasimama. Hofu haina msimu, wala haihitaji mbolea.

Namna yake ya kazi ilikuwa safi. Alikufuata nyumbani kwa heshima, amevaa koti la bluu lenye kalamu mbili mfukoni. Akalipandisha gari lako kwenye jeki, akafungua gurudumu, akavua diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi ili gari lisimame. Akaitazama kama daktari anayetazama picha ya mapafu. "Imekwisha," akasema, akaondoka nayo kwenda mjini kutafuta inayolingana nayo. Keshokutwa yake alirudi na diski inayong'aa, imefungwa kwenye nailoni. Ilikuwa ile ile yako. Ameipitisha msasa, ameipulizia rangi ya fedha, ameipaka mafuta kidogo ili inukie kama ya dukani.

Buberwa hakuwahi kumuuzia mtu chuma kibovu, na jambo hilo alilisema kwa fahari. Alimuuzia kila mtu mali yake mwenyewe.

Januari, akitokea Muleba na pikapu yake, alipita Izigo akaona pacha wa gari lake: pikapu kuukuu inayovuta kwa magurudumu yote manne, ya zama zile magari yalipokuwa bado ya chuma. Imeegeshwa kando ya nyumba, kuku amelala juu ya boneti. Buberwa akakata kona bila hata kuwasha taa.

"Hodi! Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umepotea, au unauza?" Mwanamke aliyejibu alikuwa ameketi kwenye kigoda, anapukuchua maharage.

"Nimeliona gari, moyo umeniuma."

"Pole. Zahanati iko hapo chini."

"Hilo gari, waitu, mama yangu, litaua mtu."

"Mwaka mzima halijasogea. Limuue nani, kuku?"

"Siku mtakapoliwasha, mama. Breki."

Mwenye nyumba, Ma Kemilembe, alikuwa mjane, sauti ya kwanza kwenye kwaya ya Walutheri wa pale, na pikapu ilikuwa ya marehemu. Alimtazama Buberwa, akazitazama kalamu mbili. Kisha akasema anataka gari litembee kabla ya mavuno, basi afungue, waone.

Buberwa akaweka mawe nyuma ya magurudumu, akapiga jeki. Kwenye magari ya aina ile diski haitoki kwa kuombwa: unafungua kalipa, kile kibanio cha pedi, na kuifunga pembeni kwa waya ili mpira wa mafuta usikatike, unafungua habu, kitovu cha gurudumu, unatoa beringi zikiwa zimejaa grisi nyeusi, ndipo unaifikia. Alifanya yote hayo huku akiguna kama mtu anayechimba kaburi. Diski zilikuwa na kutu kwa juu tu. Unene wake ungeweza kulisimamisha gari miaka mingine kumi.

"Zimekwisha," akasema.

"Masikini," akasema Ma Kemilembe, akaendelea na maharage.

Aliporudi na diski zinazong'aa, mjane alizipokea kwa mikono miwili, akaomba petroli kidogo, akalowesha kitambaa, akasugua. Fedha ikahamia kwenye kitambaa. Chini yake kikatokea chuma cha zamani.

"Hizi zangu."

"Mama, diski zote zinafana..."

"Hapa alipiga nyundo marehemu. Pigo lake nalijua. Miaka yote ya ndoa yetu sikumwona akipiga mahali panapostahili."

Miguu ya Buberwa ilikwisha kugeukia barabara. Kichwa tu ndicho kilichokuwa kinamalizia adabu. Lakini mama yule hakupiga kelele. Aliingia ndani, akatoka na kijikapu cha buni zilizochemshwa na kukaushwa, zile anazopewa mgeni azitafune kabla ya maneno.

"Kaa. Mimi fedha sina, na gari nalitaka. Ukiniletea diski mpya kweli, na pedi zake, nitakupa kahawa. Unaiona? Kuanzia mgomba ule hadi mpakani. Butura."

Neno hilo halisemwi kwa sauti. Butura ni kununua kahawa ingali mbichi mtini, kutoka kwa mtu aliyebanwa na shida, kwa thamani ya kumcheka. Imekatazwa, na kila mtu anajua imekatazwa, ndiyo maana haiandikwi popote. Mnatafuna buni, mnashikana mikono, biashara imekwisha.

Buberwa aliitazama ile mibuni. Matunda yalikuwa yamesongamana kwenye matawi kama watoto kwenye benchi la shule. Diski mbili kwa mavuno ya shamba zima! Alimhurumia sana yule mjane, huruma iliyodumu mpaka alipotema ganda la buni. Kisha akampa mkono.

Tatizo lilikuwa moja. Wenye maduka ya vipuri Bukoba walimfahamu vizuri, kwa hiyo hawakumkopesha. Diski mpya za kuaminika zilizolingana na gari lile zilikuwa mahali pamoja tu duniani, nazo ni kwenye pikapu yake mwenyewe. Mtu anayezijua breki za mji mzima hachezi na zake.

Nyumbani Ijuganyondo, mkewe Consolata alimkuta uvunguni, pikapu imekaa juu ya mawe.

"Unavua viatu vyako ukamvishe mtu anayekaa nyumbani?"

"Mpaka mavuno tu. Nikiuza ile kahawa nanunua diski, nanunua na turubai, tunabeba mizigo ya watu hadi Kayanga."

"Na gari hili ndilo linalotulisha. Tukiikosa hiyo kahawa?"

"Kahawa ina miguu?"

"Wewe unayo. Utaanza kuitumia."

Siku ya kuzifunga kule Izigo, Buberwa alifanya kazi ya haki, pengine ya kwanza tangu avae koti lile. Alifuta mafuta kwenye diski, akajaza grisi mpya kwenye beringi, akafunga pedi, akakanyaga pedali ya breki tena na tena mpaka ikawa ngumu chini ya unyayo. Ma Kemilembe alishika usukani, Buberwa akalisukuma gari hadi kwenye kichaka kilicho mlangoni mwa kibanja, lile shamba la migomba na kahawa, mama akakanyaga. Likasimama palepale, kuku akaendelea mbele peke yake.

"Zinashika," akasema mama.

Miezi ikapita. Buberwa alitembea. Koti la bluu halikuwa na gari la kulifikisha popote, wateja wakapungua, naye akawa anabebea watu viroba kwa baiskeli ya kuazima. Consolata alipanda maharage kuizunguka ile pikapu, yakatambaa hadi kwenye vioo. Kila alipolalamika, Buberwa alimwambia ahesabu kahawa. Kila usiku yeye mwenyewe aliihesabu, na kila usiku iliongezeka.

Kahawa ilipoiva, alifika Izigo asubuhi kwa bodaboda, magunia begani. Katikati ya mibuni akakuta kofia ya kitani, na chini ya kofia, Anwari, muuza matairi wa Bukoba mjini.

"Anwari! Unafanya nini kwenye kahawa yangu?"

"Yako kwa nani? Mimi nimetoa matairi manne, mapya!"

"Matairi gani? Mimi nimetoa diski!"

"Punguzeni sauti," kikasema kichwa cha tatu, kikichomoza nyuma ya mgomba. Alikuwa Ismael, fundi umeme wa magari. "Mimi nimetoa betri na rejeta. Tumepigwa."

Wote watatu wakageuka. Pikapu ilikuwa uani, imeoshwa, imesimama juu ya matairi ya Anwari kwa breki za Buberwa, ikinguruma taratibu kwa betri ya Ismael.

Ma Kemilembe alitoka na sufuria la ndizi. "Karibuni, wanangu. Nilidhani mtawahi zaidi."

"Mama, umeuza kahawa moja mara tatu!" Buberwa alisema, na hasira yake ilikuwa ya kweli, hakupenda udanganyifu.

"Nimewakosea. Polisi wapo Muleba. Twendeni mkawaeleze kwamba mmenunua butura kwa mjane. Nitawapeleka mwenyewe, gari lipo zima."

Hakuna aliyesogea. Anwari akala ndizi. Halafu, kwa kuwa walikuwa wanaume wenye akili, wakapatana: kila mtu atachukua atakachochuma. Mkataba ulipofungwa tu, wakarukia matawi. Haijawahi kuonekana Izigo kahawa kuchumwa kwa bidii namna ile. Anwari alitupa kofia. Ismael alichuma kwa mikono miwili huku akilinda gunia lake kwa mguu. Buberwa, aliyeacha gari juu ya mawe, aliwapita wote.

"Nyekundu tu," mama aliwaambia kutoka kwenye kigoda. "Mbichi iacheni."

Alasiri, magunia yakiwa yamejaa, pikipiki ikaingia uani. Alikuwa Nuriat, karani wa chama cha ushirika cha pale, ambaye Ma Kemilembe alikuwa amemwita aje aone mavuno.

"Hongera, mama! Na hawa?"

"Waulize."

Nuriat akawageukia, kalamu mkononi. "Kahawa hii ya nani?"

Kusema "yangu" kulihitaji kueleza imekuwaje yako.

"Ya mama," akasema Anwari.

"Ya mama," akasema Ismael.

Buberwa alifungua kinywa. Akilini aliyaona maharage kwenye vioo vya gari lake, na uso wa Consolata nyuma yake. "Ya mama," akasema.

"Vijana wazuri," Nuriat akasema. "Siku hizi kumpata mtu wa kumsaidia mjane ni kazi. Basi pakieni, ikaanikwe leo kwenye vichanja vya chama."

Wakapakia. Ma Kemilembe akafunga kitambaa kichwani, akapanda kwenye usukani. Buberwa akashika mlango wake.

"Ma Kemilembe. Diski baki nazo. Kahawa baki nayo. Niombe radhi tu, nifike nyumbani nina neno la kumwambia mke wangu."

Mama alifikiri kidogo, kama mtu anayetafuta kitu kwenye pochi na kujua hakimo.

"Ulikuja kuniuzia chuma changu, nikakupa buni utafune. Ukaona shida yangu, ukataka jasho la mwaka mzima kwa vyuma viwili, na bado unaniita mama." Akaachia breki ya mkono. "Siombi radhi leo. Sitaiomba Jumapili kanisani. Hata marehemu akifufuka akanisihi, siombi. Toa mkono mlangoni, Buberwa."