Mgawo wa Dhahabu ya Mama Ghati

Kwa furaha kubwa naujulisha umma kwamba Kamati ya Dhahabu Isiyoonekana kwa Macho, ambayo mimi ni katibu wake, imefanya kazi iliyotukuka hapa Tarime. Machimbo mapya yamefumuka, kila mtu anachimba, na ilikuwa aibu kuona dhahabu inapita katikati ya mji ndani ya kiboksi cha barafu bila kulipiwa mrabaha. Tulikifuata mpaka zahanati.

Kiboksi kilikuwa na dawa ya Mama Ghati, mjane mwenye saratani ya titi. Muuguzi Agness alitueleza kwa subira kwamba dawa hiyo ya majaribio imebebwa na chembechembe za dhahabu, ndogo kupita kiasi, na kwamba zikishadungwa zinakwenda moja kwa moja kwenye uvimbe. Tulishtuka. Moja kwa moja, bila kupita ofisi yoyote? Akaongeza kwamba barafu ikiyeyuka dawa itaharibika, na nyingine haipo. Tukaahidi kulitazama suala hilo kwa jicho la huruma, kisha tukaagiza chai.

Mwenyekiti wetu, Mheshimiwa Werema, aliamua kwa desturi ya machimbo. Mawe yakitoka duarani, yaani kwenye shimo la kuchimbia, hugawanywa: mwenye shamba mifuko yake, mchimbaji yake, Serikali yake. Mwili wa Mama Ghati ni shamba, Agness ni mchimbaji, hivyo theluthi ya chupa ni mali ya Serikali. Nilipiga makofi. Agness alilia, na sioni haya kusema nilimwonea huruma, ingawa huruma haikuwemo kwenye ajenda.

Mama Ghati, aliyekuwa kwenye benchi akisubiri sindano yake, aliinuka, mkono kifuani.

"Mwanangu," alimwambia mwenyekiti, "hata mimi nimewahi kuwa na duara. Mgawo naukubali. Ila mzigo huu haukai kwenye mfuko, unakaa mwilini. Kila mwenye fungu lake alipokelee hapa hapa."

Agness akafuta machozi, akachana pakiti ya sindano, akamuuliza mheshimiwa anapendelea mkono upi.

Mheshimiwa aliitazama ile sindano. Jasho likamtoka. Akauliza kama Serikali inaweza kuwakilishwa na katibu. Katibu alikuwa ameshafika mlangoni.

Azimio lilipita bila kupingwa: dhahabu isiyoonekana si dhahabu, Mama Ghati adungwe yote, tena sasa hivi.

Alidungwa barafu ikiwa bado ipo. Akatoka akitembea kwa miguu yake. Mheshimiwa tulimbeba.